Miezi Niliyoikosa Nyekundu

Watu wakisikia kwamba niliugua kifua kikuu, huniuliza nilikonda kiasi gani. Nilikonda, ndiyo. Sketi zangu zote zilishikwa na pini kiunoni, na pete ya ndoa niliihamishia kidole gumba. Lakini nilicholilia zaidi haukuwa mwili. Nililia rangi nyekundu. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyeianza dozi ile ndefu na sasa anakaa kliniki akidhani yuko peke yake duniani. Hupo peke yako, ndugu yangu. Sikiliza yangu, kisha uendelee kumeza.

Mimi ni mtu wa maabara. Nyumba yetu iko Mlandizi, Kibaha, lakini kazi yangu iko Chole, kule ndani Kisarawe, kwenye kituo cha afya. Siku za kazi nalala chumba cha watumishi, na mwisho wa wiki narudi kwa mume wangu Rajabu, anayefanya kazi kiwandani Zegereni, na binti yetu Salma, ambaye yuko sekondari. Kwa miaka mingi riziki yangu imetoka kwenye kitu kimoja: kuinamia hadubini na kutafuta vitu ambavyo hata aliyevibeba havijui.

Nilipofika Chole mara ya kwanza, umeme haukuwepo. Hadubini yetu ilikuwa ya kioo. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kugeuza, unakielekeza dirishani mpaka kilinase jua na kulipandisha hadi kwenye slaidi. Asubuhi tulikaa dirisha la mashariki, na jua likivuka paa tuliibeba meza kulifuata upande wa pili. Wingu likitanda, kazi inasimama. Mgonjwa akiuliza majibu yake yako wapi, tunamjibu kwa heshima zote kwamba tunasubiri jua litoke, naye anaondoka akijua kwamba serikali imeajiri wendawazimu. Leo tuna hadubini yenye taa yake ndani, unabonyeza tu. Ni nzuri, siikatai. Ila nikisema ukweli wa moyo wangu, naikumbuka ile ya kioo. Kulikuwa na raha fulani kujua kwamba jua lile lile linalokausha mihogo ya watu nje ndilo linalonionyesha minyoo yao ndani.

Na makohozi ndiyo yaliyokuwa kazi yangu hasa. Nimewafundisha watu kukohoa kuliko mwalimu wa kwaya anavyofundisha kuimba. "Si mate, baba. Vuta pumzi, ishike, toa kitu kutoka chini kabisa." Ukishapata makohozi ya kweli, unachagua sehemu nzito, unaipaka kwenye slaidi kwa kijiti, nyembamba kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti herufi zinasomeka. Unaiacha ikauke yenyewe. Mwenye haraka huharibu hapo. Unaipitisha juu ya moto wa taa ya spiriti ili ishike kwenye kioo. Kisha unaimwagia rangi nyekundu, unaipasha kwa chini mpaka ifuke mvuke lakini isichemke, kama maziwa unayoyaogopa. Unaosha. Unamwaga tindikali, na hapo kila kitu hutema nyekundu isipokuwa vijidudu vya kifua kikuu. Hivyo ni vibishi. Vikishainywa rangi kwa moto, hata tindikali haivitapishi. Mwisho unamwaga rangi ya bluu, unaosha tena, unakausha, unadondosha tone la mafuta juu yake na kuishusha lenzi mpaka iyaguse.

Hapo unaona uwanja wa bluu kama anga, na kama mtu anaumwa, unaona vijiti vyekundu vimelala humo. Vyembamba, vimepinda kidogo, vingine viwili viwili. Ni vibaya kusema, kwa sababu vinaua watu, lakini ni vizuri kutazama. Mwalimu wetu wa chuo alitulazimisha kuvichora kwa penseli za rangi, na alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Nyekundu hiyo ni ya nyanya. Mimi nataka ya kijidudu." Nikaijua nyekundu yake. Ningeitambua hata usingizini.

Pale maabara tuko wawili, mimi na Shija. Shija ni Msukuma, wazazi wake walihamia upande wa Marui na ng'ombe wao, na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na anayeujua utani anajua kwamba ofisi yetu haina amani. Nikichelewa, "Mtani, ngoma imeisha saa ngapi?" Akisinzia, "Amka, ng'ombe wako wameingia shambani kwa watu." Ndivyo tulivyoishi, na tukafanya kazi vizuri.

Nilianza kukohoa masika yalipoanza. Nilisema ni unyevu wa chumba. Baadaye nikasema ni moshi wa mkaa. Usiku nililowa jasho mpaka nikageuza mto, nikasema ni joto, na huku nje mvua inanyesha. Shija alinivumilia, kisha siku moja akaweka kikopo cha makohozi mbele yangu.

"Mtani, hicho kikohozi chako kimekaa hadi kinastahili kulipa kodi. Nenda nyuma ya jengo ukakohoe."

"Najua kukohoa, usinifundishe."

"Basi kohoa kama unavyowafundisha wenzako. Mate yako siyataki."

Kwetu kuna mwiko mmoja wa kazi: hakuna anayesoma slaidi yake mwenyewe. Jicho la mwenye mali lina upendeleo. Kwa hiyo nilimkabidhi kikopo, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nje ya dirisha letu. Miaka yote ile sikuwahi kulikalia benchi lile, na sikujua kwamba limeinama upande mmoja, hivyo mtu anakaa akijizuia asiteleze. Nilisikiliza. Nilijua kila hatua kwa mlio wake: maji, kimya, maji, kimya kirefu cha tindikali, maji. Nikasikia stuli ikivutwa. Halafu sikusikia kitu.

Alipotoka hakutania. Mtani hutania hata msibani, mbele ya jeneza, ndiyo haki yake. Shija alisimama mbele yangu, akavua glavu, akaniita jina ambalo hakuwahi kuniita.

"Dada Mwanaidi," alisema, "twende kwa daktari."

Sikuuliza ameona nini. Nilianza kulia pale pale, nikiwa nimejizuia nisiteleze.

Nilirudishwa Kibaha kupumzika na kuanza dozi karibu na nyumbani. Kliniki ya kifua kikuu ilikuwa nyuma ya hospitali, banda lenye paa bila kuta, ili upepo upite. Mvua ya masika ikija kwa upande, sote tulisogea katikati kama kuku. Nesi Halima, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili, ndiye aliyetupa vidonge na kutusimamia tukivimeza. Vilikuwa vikubwa, vya rangi ya matofali. Aliniambia mkojo utakuwa rangi ya chungwa, nisishtuke. Nikamwambia mimi ni mtu wa maabara, sishtuki na mkojo.

"Haya, fundi," alisema. "Na macho je? Yakibadilika, useme siku hiyo hiyo."

Nilishtuka na mengine. Nilishtuka na jinsi viungo vilivyouma, magoti yakalia kama bawaba. Nilishtuka na tumbo, ambalo lilikataa kila kitu isipokuwa uji. Na nilishtuka na nyumba yangu mwenyewe.

Jioni ya kwanza nilikuta sahani mpya mezani, ya bati, na kikombe chake, vyote vimewekwa pembeni. Rajabu alikuwa amevinunua akitoka kazini. Godoro lake pia lilikuwa limehamia sebuleni.

"Hii ni ya nani?" nikauliza, nikijua.

"Yako, Mama Salma. Kwa muda tu."

"TB haikai kwenye sahani, Baba Salma! Inakaa hewani. Wewe unanunua bati na madirisha yote umefunga!"

Nilipiga kelele mpaka nikakohoa, na nilipokohoa akarudi nyuma hatua moja, na hatua ile iliniuma kuliko kifua. Alikwenda akafungua madirisha moja baada ya jingine, kisha akakaa kizingitini akanipa mgongo. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba kaka yake alikufa kwa kikohozi wakati yeye ni mtoto, kwenye chumba walichokuwa wanalala pamoja, na kwamba mpaka leo akisikia mtu anakohoa usiku anaamka kumtafuta. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na sikuwahi kulijua hilo. Ugonjwa hufungua milango ambayo afya imeifunga.

Mama yangu ndiye aliyetuokoa. Alitoka kijijini, ng'ambo ya Mlandizi, na kapu la mihogo na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Shikamoo mama. Usinikaribie sana."

"Marahaba. Nisikukaribie weye, nikamkaribie nani? Miye nimekuzaa, sikukuokota." Akafunga khanga usoni kama alivyoelekezwa kliniki, akaingia. Kila asubuhi alinichemshia maji ya kuoga na uji wa ulezi, na nikimaliza uji aliniangalia kwa furaha kama nimefaulu mtihani. Salma alipimwa, akawa mzima. Rajabu alipimwa, akawa mzima. Siku ile Mama alimchinja kuku.

Masika yakaisha, ikaja baridi ya Juni. Kikohozi kilipungua, nikaanza kuota mwili. Mwisho wa mwezi wa pili wa dozi nikapeleka makohozi tena, nikiwa na uhakika. Majibu yakaja: bado vipo. Vichache, lakini vipo. Daktari akasema vidonge vya matofali viendelee mwezi mwingine kabla ya kuhamia vile vya awamu ya pili. Nilirudi nyumbani nikalala nimegeukia ukuta. Nawaambia mnaougua: siku ya majibu ya namna hiyo si mwisho wenu. Lieni, kisha kesho yake amkeni mkameze.

Ndani ya mwezi huo wa tatu ndipo nilipoona kwamba mkojo wangu umerudi kuwa wa kawaida. Hauna uchungwa. Umekuwa wa kijivu-kijivu, kama maji ya chai iliyosahauliwa. Sasa nisikilizeni jinsi akili ya mtu wa maabara inavyofanya kazi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijua dawa ile lazima ipake mkojo rangi, na kama haiupaki, basi dawa ni feki. Ndiyo maana vijidudu bado vipo! Nilipandwa na hasira. Nikachukua kikopo safi, nikaweka ushahidi, nikaandika jina na tarehe kwa penseli, nikafunga vizuri, nikaenda hadi kliniki nimekishikilia kama mwenge.

"Nesi," nikasema mbele ya watu wote, "vidonge vyenu vimeisha nguvu. Tazama mwenyewe. Hamna rangi."

Nesi Halima alikipokea kikopo, akakiinua kwenye mwanga. Watu bandani wakainua shingo.

"Mama Salma, mbona huu ni chungwa kabisa?"

"Chungwa la wapi? Huo ni kama chai."

Mama mmoja mgonjwa pembeni akasema, "Chungwa, tena limeiva." Wakacheka. Mimi sikucheka, na baada ya kidogo Nesi Halima naye akaacha. Alikiweka kikopo chini polepole. Akashika upindo wa khanga yangu.

"Hii ni rangi gani?"

"Kahawia."

Ilikuwa khanga aliyonipa mama yangu nilipoolewa. Ilikuwa nyekundu, na nilijua kwamba ni nyekundu, na nilikuwa naitazama.

Alinishika mkono, yeye mwenyewe, akaniacha kwenye mlango wa daktari wa macho. Huko nikaonyeshwa kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi, na ndani ya madoa kila mtu huona namba. Mimi niliona madoa. Daktari alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Sikuona kitu. Aliniambia kwamba dawa moja kati ya zile zilizounganishwa kwenye kidonge huwa inagusa mshipa wa jicho kwa watu wachache, na kinachoondoka kwanza mara nyingi ni nyekundu na kijani. Dawa hiyo itasimamishwa leo leo. Nilimuuliza kama nyekundu itarudi.

"Kwa wengi hurudi," alisema. "Polepole. Kwa wengine hairudi yote. Unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Nilivyofika nyumbani siku hiyo sijui. Nakumbuka nilikaa uani nikitazama kila kitu: matofali ya jirani, kilemba cha jogoo, ndoo, midomo ya Salma aliporudi shule. Vyote vilikuwa vimepauka, kama vimeachwa juani mwaka mzima. Nikawaza, basi. Vijidudu vya kifua kikuu ni vyekundu. Malaria tunaitafuta kwa nukta yake nyekundu. Mtu wa maabara asiyeona nyekundu ni sawa na mpishi asiyeonja chumvi. Kwamba nitapona kifua nilikuwa nimeshaanza kuamini, lakini sikujua nitapona nibaki nani.

Mganga mfawidhi wa kituo chetu, bosi wangu, alinipigia simu kwa upole mkubwa. Akasema nisiwe na wasiwasi na ajira, dawati la mapokezi lina nafasi, nitaandika majina ya wagonjwa. Nilimshukuru. Nilipokata simu nilitupa kikombe cha bati kikagonga ukuta.

Rajabu alikiokota. Alikipangusa, akakitazama, kisha akakipeleka jikoni akakichanganya na vikombe vyetu vingine. Usiku huo godoro lake lilirudi chumbani.

Tangu hapo akawa macho yangu. Genge la nyanya tulikwenda pamoja, yeye ananiwekea mkononi. "Hii imeiva. Hii bado. Hii imeiva sana, mwachie mwuzaji." Nikipika nyama namwita aje aseme kama bado ina damu. Alikuwa hajawahi kuingia jikoni kwangu kwa hiari. Kuna siku nilivaa blauzi na khanga za rangi zisizopatana nikadhani nimependeza, akanitazama akasema, "Mke wangu, hapo umevaa bendera." Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu masika nicheke bila kukohoa.

Nilipohamia vidonge vya awamu ya pili na kuthibitishwa kwamba siambukizi tena, nilirudi Chole. Shija alikuwa amefagia, ameweka stuli yangu mahali pake. Nilifunga mlango nikachukua slaidi yetu ya mfano, ile tunayojua ina vijidudu tele, tunayoanza nayo kila siku ili kuhakikisha rangi zetu ni nzuri. Nikaweka mafuta, nikashusha lenzi, nikainama. Bluu. Nikasogeza. Bluu. Nikazungusha, nikasogeza tena, nikaangalia mpaka machozi yakalowesha lenzi ya juu na nikalazimika kuifuta.

"Wapo?" niliuliza.

Shija aliinama akatazama. "Wapo wengi, mtani. Wamejaa kama Wazaramo kwenye harusi ya bure."

Nilijua anajitahidi. Nikamwambia ahsante.

Tuligawana kazi. Mimi nilipaka na kukausha, yeye alisoma. Hata kuosha nilishindwa, kwa maana tindikali unaimwaga mpaka maji yaache kutiririka mekundu, na mimi maji yote kwangu yalikuwa sawa. Alinisimamia akisema, "Bado, bado, basi." Nilikuwa nimemfundisha yeye hatua ile alipoajiriwa. Jioni nilikuwa nakaa nje ya chumba changu na kuifikiria ile hadubini ya kioo, asubuhi ya Juni, jua la pembeni likiingia, na vijiti vile vikiwaka kama vimechorwa jana. Nilivitamani, Mungu anisamehe, jinsi mtu anavyomtamani jirani mgomvi aliyehama.

Kipupwe kikapita. Mikorosho ikachanua, kisha mabibo yakaanza kudondoka, na njia za Chole zikanuka utamu wake. Mama yangu alinitumia kapu. Nilipolifunua niliona kwamba mabibo mengine ni ya njano na mengine ni ya kitu kingine. Si nyekundu. Rangi ya kutu, tuseme. Lakini hayakuwa sawa, na mwezi uliotangulia yangekuwa sawa. Sikumwambia mtu. Niliogopa kulisema likakimbia.

Nikamaliza dozi. Nilimeza kidonge cha mwisho mbele ya Nesi Halima bandani, na watu wakanipigia makofi, kwani ndivyo alivyowazoesha. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Mtu wa maabara wa pale Kibaha, kwa kuwa tuna kazi moja, aliniruhusu niitazame slaidi yangu akishaisoma yeye. Nikainama. Uwanja wa bluu, mtupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hicho ndicho nilichokiomba usiku na mchana tangu masika. Na sikuweza kufurahi, maana sikujua kama hamna kitu, au kama kipo na mimi sikioni.

"Safi kabisa," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema, nikamwamini kwa masikio tu.

Siku niliyorudi Chole, vifaa vya mashine kubwa ya kupimia TB iliyoko hospitali ya wilaya, tunakopeleka makohozi mengi siku hizi, vilikuwa vimekwisha, na tuliambiwa tupime yote wenyewe kwa hadubini. Benchi lilijaa. Shija alifanya kazi asubuhi nzima, mimi nikampakia. Karibu na adhuhuri aliniita. Alikuwa amepanga slaidi kadhaa mezani na kufunika namba zake kwa plasta.

"Hizi nimeshazisoma zote, na majibu nimeshayajua. Zisome na wewe. Usiniambie 'nadhani'. Sema ipo au haipo."

"Shija, sitaki."

"Mapokezi kuna kiti kizuri, kina mto. Kaa hapa au kakae kule."

Nilikaa. Ya kwanza, bluu. Nikapita mstari mzima, polepole kama nilivyofundishwa, nikarudi kwa mstari wa chini yake. "Haipo." Ya pili, bluu. "Haipo." Niliegemeza viwiko mezani. Ya tatu nikaanza, mstari wa kwanza bluu, wa pili bluu, nikageuza kitufe kidogo kulipata tabaka la juu zaidi, na hapo pembeni ya jicho kitu kikawaka.

Nilikisogeza katikati. Kijiti kimoja, chembamba, kimepinda kidogo. Na mwenzake. Na wengine watatu wamelaliana. Haikuwa nyekundu ya zamani, bado ilikuwa na ukungu, lakini haikuwa nyanya wala kutu wala kahawia. Ilikuwa ya kijidudu.

"Ipo!" nilipiga kelele. "Ipo, ipo, mtani, wapo, nawaona!" Nilishuka kwenye stuli, nikamkumbatia Shija na koti lake lenye madoa ya rangi, nikacheza pale katikati ya maabara, na yeye akapiga makofi akisema, "Cheza, Mzaramo, cheza, hata bila ngoma."

Kisha nikabandua plasta niisome namba, ili niiandike. Na mkono ukasimama.

"Huyu ni wa leo?" niliuliza.

"Wa leo," alisema Shija. Naye alikuwa ameacha kupiga makofi. "Mama wa Marui. Yuko nje."

Nilichungulia dirishani. Kwenye benchi alibaki mwanamke mmoja wa umri wangu, khanga kifuani, barakoa imeteremka kidevuni, mkoba wa ukindu kando yake. Alikuwa ameelekeza sikio kwenye dirisha letu. Alikuwa amesikia kelele zote zile za furaha, na sasa alikuwa akijaribu kusoma uso wangu.

Majibu hutolewa na daktari, si na maabara. Ni sheria, na naiheshimu. Nilijaza karatasi, Shija akaipeleka kwa daktari, na mimi nikafunga barakoa yangu, nikatoka. Nilikuwa naona aibu ambayo siwezi kuieleza, na chini ya aibu bado nilikuwa na furaha, na vyote viwili vilikuwa vyangu.

"Dada," alisema kabla sijafika, "mmeona nini humo mpaka mkashangilia?"

"Daktari atakuita sasa hivi. Atakueleza yeye." Nikaona macho yake yanaanza kujaa. "Mimi nitakueleza yangu. Mwezi huu nimemaliza dozi ya TB."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikohoa tangu masika. Nilikonda nikawa uzi."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akatulia usoni, akashuka tena mpaka kwenye mikono. Alichukua muda wake. Kisha akapandisha barakoa, akauinua mkoba wa ukindu na kuuweka chini, ili nipate pa kukaa.